Watani Zangu wa Masagati na Shahada ya Uzeeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa stoo na kiti kisicho na mgongo. Nilikuwa binti mwembamba, msicheke, picha ninazo. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha utamaduni, nikapangiwa ofisi moja hapo Ifakara ambayo sitaitaja, maana mlioko huko sasa hivi mtanipigia simu. Mkuu wangu alikuwa Bwana Utamaduni. Jina lake la ubatizo nadhani alilijua mkewe tu. Sisi wengine wote, pamoja na mama wa maandazi, tulimwita Bwana Utamaduni. Alinitazama, akaniuliza kama nimekula, kisha akanifundisha kazi yote kwa mkupuo mmoja.

"Yustina," akasema, "utamaduni ni ngoma na viti. Mgeni akija, ngoma zilie na viti vitoshe. Mengine ni mbwembwe."

Basi kwa miaka mingi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Akija mgeni wa serikali, mimi natafuta ngoma. Akija mgeni wa kanisa, natafuta ngoma iliyovaa vizuri. Stoo niliifungua mara chache, kutoa viti. Humo ndani, nyuma ya viti, kulikuwa na vikale, yaani vyombo vya zamani vilivyokusanywa vijijini kabla yangu: ngoma zilizopasuka ngozi, kinu, mikuki, kipande cha mtumbwi, na mtungi mkubwa wa udongo. Mtungi huo tulikuwa tumeutoa nje kutupozea maji ya kunywa, na kusema kweli uliyapoza vizuri sana.

Siku moja akaja Mkaguzi kutoka makao makuu, akaomba kuona rejista ya vikale. Rejista ni daftari ambamo kila chombo kina namba yake, mahali kilikotoka na nani alikitoa. Hatukuwa nayo. Bwana Utamaduni, bila kupepesa macho, akasema ipo kwa fundi inatiwa jalada jipya, mgeni apumzike, aonje kwanza wali wa Ifakara kwa kitoga, samaki wa mto wetu. Mgeni alipumzika siku mbili, na sisi siku mbili hizo tulishinda na kopo la rangi nyeupe tukiandika namba kwenye kila kilichosimama mbele yetu. Kwa ile haraka tukakiandikia namba hata kiti cha Bwana Utamaduni mwenyewe. Mtungi tukausahau kwa kuwa ulikuwa na maji. Mkaguzi akaondoka ameridhika kwamba ofisi yetu inahifadhi kiti cha jadi cha aina ya pekee, na tangu hapo Bwana Utamaduni alikataa katakata kukikalia. Alisema kikale hakikaliwi.

Nilicheka kama wenzangu. Lakini nilipokuwa nachota maji mchana huo nikamuuliza Bwana Utamaduni ule mtungi ulitoka kijiji gani, ulikuwa wa nani. Akasema hajui. Nikamuuliza dereva, nikamuuliza karani mzee. Hakuna aliyejua. Niliona aibu, wanangu, aibu ya kweli, kwamba mama fulani alifinyanga kitu kizuri namna ile, akaja mtu akakichukua kwa jina la kukihifadhi, na tulichohifadhi ni maji yetu tu. Kuanzia siku hiyo nikawa na neno moyoni: nataka kuisoma kazi hii.

Kutaka ni jambo moja. Nilihamishiwa Kiberege, nikasimamia chumba cha kusomea chenye vitabu vichache na popo wengi. Nikahamishiwa Kisawasawa kufundisha kwaya ya wilaya, mimi nisiyejua kuimba. Nikaolewa, nikazaa, nikasomesha, nikajipatia shahada ya kwanza kwa masomo ya posta, nikarudi Ifakara na miwani. Ndipo akaja Mkurugenzi mpya, mtu wa mafaili, akatangaza nafasi ya Mhifadhi wa Malikale wa bonde letu zima. Malikale ni kila walichotuachia waliotangulia, kuanzia jengo mpaka wimbo. Nafasi ile ilikuwa kama imeandikwa jina langu, isipokuwa ilidai shahada ya uzamili ya historia na uhifadhi. Nikaomba ruhusa ya masomo. Mkurugenzi akanipa miaka miwili kwa barua yenye mstari mmoja ninaoujua kwa moyo mpaka leo: nisipofuzu ndani ya muda huo, nafasi atapewa mwingine, nami nitarejea kwenye dawati la ngoma. Bwana Utamaduni, ambaye alikuwa amebakiza kidogo astaafu, alinisindikiza stendi. Aliniambia nisikonde, ngoma haziendi popote.

Nilipoingia darasani chuo kikuu Dar es Salaam, darasa zima likasimama. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikawaambia wakae. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nimechoka ngazi. Nilikaa mbele yao kama dakika tano nikifurahia heshima ile, mpaka akaingia mwalimu mwenyewe, kijana mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Nikahamia dawati la nyuma. Vijana wale hawakunisahaulisha hilo mpaka tunamaliza. Hata hivyo ndio walionifundisha kompyuta, Mungu awabariki.

Msimamizi wangu, yaani mwalimu anayekuongoza kuandika tasnifu, kile kitabu cha utafiti unachokitetea mwishoni, alikuwa mama mmoja profesa, mtu wa Kanda ya Ziwa, mfupi, mkali. Alikuwa na neno moja tu: "Chanzo?" Ukimwambia Wandamba wa bonde letu ni wavuvi hodari, anauliza chanzo. Siku moja nilimwambia nimechelewa kwa sababu ya mvua, akainua macho juu ya miwani, akauliza chanzo. Nilikuwa nimelowa mpaka viatu. Kwake nilijifunza kwamba chanzo cha msingi ni aliyeona mwenyewe au aliyerithishwa habari na aliyeona. Nikajifunza ulinganishaji, kwamba neno la mzee mmoja halitoshi, unawahoji wazee kadhaa, kila mmoja peke yake, kisha unayaweka masimulizi yao pamoja. Na nikajifunza fomu ya ridhaa, karatasi ambayo mhojiwa anaitia sahihi kukubali kuhojiwa. Msisahau fomu hiyo, ndiyo iliyoniponza.

Mada yangu ilikuwa mahali walipoamulia kesi wazee wa bonde kabla ya mahakama. Nilikuwa nimesikia kwamba Masagati, kule mbele ya Mlimba, kuna jiwe la namna hiyo. Nikapanda treni mpaka Mlimba, nikachukua bodaboda, na kijana wa bodaboda akawa ananishusha kila tukifika kwenye kijito, ili pikipiki ipite na mimi nipite kivyangu. Vijito vya njia ile mnavijua. Nilifika kijijini nimetapakaa tope mpaka kwenye nywele, nimebeba kinasa sauti na tepu ya kupimia.

Kitabu cha mbinu za utafiti kilisema mtafiti ajitambulishe kikamilifu. Nikajitambulisha kikamilifu. Nikasema naitwa Yustina, natoka Ifakara, baba yangu ni mtu wa Mahenge, na mama yangu ni wa ukoo wa Lihongo. Wazee waliokuwa pale wakatazamana. Kisha mmoja wao, Mzee Kasiani, mrefu, mwenye kofia ya sufi wakati wa joto, akainuka taratibu, akachukua mkoba wangu, akautundika begani kwake.

"Wa Lihongo wamefika," akawaambia wenzake. "Fungieni kuku ndani."

Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani. Ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Utani wa koo ni sheria. Mtani akikuita mwizi unamwita mchawi, akichukua mkoba wako unaukomboa kwa maneno, na atakayekasirika anatozwa jogoo. Mimi nililijua hilo tangu utoto. Nikamwita mchawi, nikaurudisha mkoba wangu, tukacheka, tukakaa. Kisha nikatoa fomu ya ridhaa, nikamsomea, akaitia sahihi kwa herufi kubwa zilizojaa mstari. Na hapo ndipo nilipokosea kosa la maisha yangu. Nilidhani sahihi imeufunga utani. Nilidhani karatasi ya chuo ina nguvu kuliko mila. Nikawasha kinasa sauti.

Mzee Kasiani akakohoa, akaweka uso wa kanisani. Akanisimulia kwamba zamani mtu mmoja wa ukoo wa Lihongo, ndiyo, ukoo wa mama yangu, aliiba mtumbwi wa babu yao. Angefika mbali, lakini alikuta ndani ya mtumbwi kitoga mmoja mkubwa, akatia nanga akamkaanga kwanza. Wakamkuta anajilamba vidole. Wakampeleka kwenye jiwe, akahukumiwa kukaa juu yake kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, huku watoto wa kijiji wakimhesabu meno.

Mtaniuliza mtu mzima niliaminije. Ngoja niwaambie. Niliamini kwa kiburi. Nilijiona mtafiti wa kweli, naandika hata aibu ya kwetu bila kupindisha. Nikalipima jiwe lile kwa tepu, urefu, upana, kimo, nikalipiga picha pande zote nne. Nikawahoji wazee wengine wanne, kila mmoja nyumbani kwake, kama nilivyofundishwa. Wote watano wakasimulia jambo moja, neno kwa neno. Hata ukubwa wa kitoga walionyesha kwa mikono, na mikono yao ilipanuka kiasi kile kile. Haikunijia akilini kujiuliza mbona nilipokuwa nikitoka nyumba moja, mjukuu wa Mzee Kasiani alikuwa anatangulia mbio kwenda nyumba ya pili.

Nilirudi Dar nikaandika sura ya kurasa arobaini. Msimamizi akaisoma, na kwa mara ya kwanza hakuuliza chanzo. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno "Safi." Nililitazama neno lile mara nyingi kuliko nilivyowahi kuitazama barua ya mchumba. Habari zikafika Ifakara, Bwana Utamaduni akanipigia simu kwa furaha. Mkurugenzi ameagiza bango la kulitangaza jiwe. Ngoma mbili zimepatikana, na viti vipo njiani.

Zikabaki wiki tatu nikabidhi tasnifu. Nikaenda Ifakara kumsalimia mama, aliyekuwa mzee sana lakini masikio yake mazima. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikaona nimpe heshima, nimsomee ile sura inayouhusu ukoo wake. Nikasoma. Nilipofika kwenye kitoga, mkono wa mama ukasimama juu ya mchele.

"Huyo Kasiani ni wa Masagati?"

Nikamwambia ndiye.

"Na kabla hujamuuliza, ulimwambia mama yako ni wa ukoo gani?"

"Nilijitambulisha kikamilifu, mama."

"Sasa ulitaka akwambie nini?"

Nikamweleza kwamba alitia sahihi fomu. Mama alicheka, jamani. Alicheka mpaka ungo ukapinduka na kuku wa jirani wakafaidi. Alifuta machozi kwa kanga, akaniangalia, akaanza upya. Mimi nilikaa pale na kurasa zangu arobaini, sina hata pa kuzificha. Alipotulia, sauti yake ikabadilika. Akaniuliza kama namkumbuka babu, baba yake, na kama nakumbuka kaburi lake lilichimbwa na nani.

Nilikumbuka. Nilikuwa mdogo. Walikuja watu nisiowajua kutoka mbali, wana majembe, wanacheka msibani. Mmoja akashuka kaburini akalala chali, akakoroma, akakataa kutoka mpaka shangazi alipombembeleza. Nililia kwa hasira siku ile, nikawachukia watu wale.

"Ni hao hao wa Kasiani," mama akasema. "Wamemchimbia baba yangu, wamemchimbia babu yangu. Sisi kaburi lao hatujachimba hata moja. Mimi sijui sababu. Msomi ni wewe, kaulize."

Nakiri mbele yenu, siku mbili nilinyamaza. Nilijiambia vyanzo vitano vinakubaliana, watahini hawaijui Masagati hata kwa ramani, bango limeshachongwa. Nikisema, muda utapita, nafasi itakwenda, nami nitarudi kutafuta ngoma mpaka nistaafu. Kila nikifumba macho nauona ule mtungi wa ofisini, umejaa maji, hauna kwao. Siku ya tatu nikampigia Msimamizi. Nikamwambia sura ya tatu yote ni utani.

"Chanzo?"

"Mama yangu."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa, moja baada ya nyingine. Kisha akasema nirudi Masagati, na wiki tatu ni zile zile.

Nilifika kwa Mzee Kasiani nimefura. Nilimwambia yote, kwamba amenidhalilisha, amenipotezea miaka miwili, amecheza na cheo changu. Akanisikiliza hadi mwisho, ametulia tuli. Nilipomaliza akageuka akamwambia mkewe aandike kwamba mtani amekasirika, ni jogoo mmoja. Na nilimtoa, wanangu. Tulimla mchana ule ule, na mimi nilipewa firigisi.

Baada ya kula akaniambia bila mzaha, "Mtani, hata ningetaka, mimi siwezi kukwambia wewe kweli ya jambo lile. Mwana wa Lihongo akiuliza, tunamjibu hivyo hivyo. Ndivyo tulivyofundishwa. Tafuta mtu asiye mtani wetu, aulize yeye."

Sasa kijiji kile, nani si mtani? Upande huu ni ukoo wake, upande ule wameoa kwao. Alibaki Bwana Salehe, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani na biashara, wakakaa. Nikamwendea Bwana Salehe, nikamweleza mbinu za utafiti juu ya kaunta, katikati ya sabuni na betri. Akaniuliza kama kazi hiyo ina cheo. Nikamwambia ndiyo, atakuwa mtafiti msaidizi. Akafurahi, akavaa kanzu safi.

Kesho yake Mzee Kasiani akaja dukani kununua chumvi. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya mchele, nimekaa juu ya kopo la rangi, na daftari mapajani. Bwana Salehe akaanza vizuri, akauliza habari za jiwe. Halafu, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akateleza akauliza habari za mavuno, akauliza habari za barabara, na nikawa nagonga gunia kumrudisha njiani. Mwishowe akauliza ile ya mama yangu: kwa nini watu wa Kasiani wanachimba makaburi ya watu wa Lihongo, na wale hawawachimbii.

Mzee Kasiani akaiweka chumvi juu ya kaunta. Alivua ile kofia yake ya sufi, na nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia.

"Salehe, mwizi alikuwa wa kwetu," akasema. "Aliiba kwa wa Lihongo, wakati wa njaa. Mwenye mali akafa, na kabla hajazikwa mwizi akapatikana. Wakamkalisha kwenye jiwe. Hawakumpiga, hawakumuua. Wakasema, marehemu hana mtu wa kumchimbia, chimba wewe. Na wazao wako watuchimbie sisi, mpaka tutakaposema basi. Hawajasema." Akaivaa kofia. "Na umwambie huyo aliye nyuma ya magunia aandike vizuri, mwandiko wake mbaya."

Sikuweza kuandika. Nililia pale nyuma ya magunia, nikikumbuka wale watu wenye majembe niliowachukia. Kumbe walikuwa wanacheka ili waweze kuubeba mzigo ule.

Bwana Salehe akawahoji na wale wazee wanne, kwa bidii ambayo sijaiona kwa watafiti wengi wenye digrii. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mmoja akasema kilichoibwa ni mtumbwi. Mwingine akasema ni mbegu za mpunga. Wa tatu akasema ni mbwa wa kuwindia, wa nne akasema ni mke, na mke mwenyewe alikuwa amekubali. Hakuna kilicholingana isipokuwa jiwe, njaa na makaburi. Siku ninaondoka, Mzee Kasiani alinisindikiza mpaka kijito cha kwanza. Akanitania kwamba ukoo wetu umekaa sana kivulini.

"Siku nikifa, mtani," akasema, "usije na daftari. Njoo na jembe."

Nikamjibu kwamba mchawi hafi upesi, nikapanda pikipiki.

Niliandika sura ile upya kwa siku kumi na moja, na mtahini kutoka nje akaikamata palepale nilipoogopa. Katika utetezi, ambapo unakaa mbele ya maprofesa unaulizwa mpaka jasho likutoke, akaniuliza nitajuaje kama hii ya pili nayo si utani. Msimamizi akaangalia dirishani, hakunisaidia hata kwa kikohozi. Nikamwambia, "Mheshimiwa, waliponidanganya walikubaliana mpaka urefu wa samaki. Waliposema kweli hawakukubaliana hata kilichoibwa. Na uongo haumchimbii mtu kaburi." Akacheka, akaandika kitu. Nilifaulu, kwa masahihisho mengi, mojawapo likiwa kueleza katika tanbihi Bwana Salehe ana sifa gani za kitaaluma.

Nafasi nikapata. Bango likasimikwa, ngoma zikalia, viti vikatosha. Maneno ya bango yaligombewa na koo mbili mpaka tukaandika tu "Jiwe la Hukumu," na vijana wa kila ukoo hupita wakachora chini yake jina la ukoo wa pili. Kila kiangazi tulipaka rangi upya. Nilifanya kazi hiyo ya uhifadhi mpaka siku ya kustaafu. Mtungi sikuwahi kuujua kwao, na hilo linaniuma, lakini katika rejista niliuandikia ukweli: "Kilikotoka hakujulikani, tulizembea." Siku ya kuagwa kulikuwa na ngoma na viti, na Bwana Utamaduni, sasa kikongwe mwenye mkongojo, alikuja na zawadi. Kilikuwa kile kiti chake chenye namba nyeupe. Ndicho ninachokikalia nikiwaandikia haya, na nadhani vijana wa ofisini bado wanakitafuta.

Mnaoanza kazi hii mara nyingi mnanijia kuuliza siri ya kuhoji wazee. Sina siri. Nimewaeleza nilivyochekwa, na mtani aliyenicheka ndiye mwalimu wangu mkubwa kuliko wote, Msimamizi na anisamehe.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakatika, Bwana Salehe alinipigia simu kwamba Mzee Kasiani ametutoka. Mama yangu naye alishatangulia zamani, na nilimwona Mzee Kasiani siku ile, na uzee wake wote, ameshuka kaburini kwa mama na jembe lake mwenyewe, halafu akalala humo akadai wali. Nikanunua jembe jipya hapo sokoni Ifakara, nikalifunga kwa gazeti, nikapanda nalo treni. Kijana wa bodaboda Mlimba akaniuliza, bibi unaenda shamba? Nikamwambia naenda kazini.

Nilikuta vijana wa ukoo wake wameshaanza kuchimba, wamefika magotini. Wakanisalimu shikamoo kwa adabu, wakanionyesha mkeka wa akina mama. Nikafungua gazeti. Walipoliona jembe wakaacha kuchimba, na wazee waliokuwa wameketi pembeni wakainuka mmoja mmoja, maana wao walijua mimi ni wa nani. Katekista akaja mbio kunishika mkono, akasema kwa upole kwamba ardhi ya huku ni ngumu, magoti yangu hayataweza, na kazi hiyo tangu zamani haijafanywa na watu wa kwetu. Machozi yalikuwa yananitoka na kicheko kinanibana, vyote kwa pamoja. Nilijifunga kanga kiunoni, nikamkabidhi miwani yangu, nikashuka.

"Pisheni, wachawi ninyi," nikawaambia. "Kazi hii nimeisomea."